Shati la Clair Ukutani

Ukimwuliza mtu yeyote wa bonde la Tannery, kaskazini mwa Pennsylvania, habari za Delmar Strayer, atakwambia mambo mawili. Kwamba aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani kwa miaka mingi bila kuangusha sanduku la barua la mtu, na kwamba hakuwahi kuvunja sheria ya kambi. La kwanza ni sifa. La pili ndilo lililomponza.

Kambi yenyewe si kitu cha kujivunia. Ni kibanda cha mbao juu ya kijito, kina jiko la kuni, vitanda vya kupandana na meza moja ndefu iliyochorwa na visu vya watu ambao wengi wao sasa wako makaburini. Mwaka mzima hulala panya humo. Lakini ikishapita Sikukuu ya Shukrani, wanaume wa akina Strayer na jamaa zao hupanda huko na soseji, unga wa keki, chupa kubwa za mayai ya siki na bia ya kutosha kuogesha ng'ombe, kwa sababu Jumatatu inayofuata ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu dume. Jumatatu hiyo shule zinafungwa, mashine za kupasulia mbao zinazimwa, hata mazishi huahirishwa ikiwa marehemu hana haraka.

Na sheria ni hii. Ukifyatua risasi ukakosa, jioni unavua shati lako, linakatwa kipande cha chini, mgongoni, na kipande hicho kinapigiliwa ukutani pamoja na jina lako. Hakishuki mpaka siku utakapoangusha dume. Siku hiyo kinatupwa jikoni, kinaungua, watu wanapiga makofi, na aibu yako inaishia kwenye bomba la moshi. Ukuta ule umeona vipande vingi vikija na kwenda. Kitu kimoja tu hakikuwahi kushuka: shati zima, jekundu la mirabaraba, la sufu, mikono imetandazwa, limepigiliwa kama ngozi ya mnyama. Hilo lilikuwa shati la Clair, mdogo wake Delmar, na aliyelipigilia ni Delmar mwenyewe.

Mwaka lilipopigiliwa, Clair alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye mdomo wa mzaha. Alikuwa hajawahi kuwinda kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na mama yao, Idella, hakutaka kusikia habari za baridi. Safari hii mama alikubali kwa sharti moja: amshonee shati la kumkinga. Alilishona vuli nzima, akaliacha pana kidogo ili mwanawe apate kunenepa ndani yake.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, baba yao, Mzee Harlan, alikwenda nyuma ya mlango wa kambi akaitungua bunduki ya babu. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Babu Amos aliinunua kabla gari la kwanza halijaingia bondeni. Mtutu wake ulikuwa wa pembe nane, kitako cha mti wa jozi kimeng'aa kwa mashavu ya watu, na chini ya kifyatulio ilikuwa na kishikio cha chuma cha kupitisha vidole. Ukikisukuma kishikio mbele, kilichomo kinaruka nje; ukikirudisha nyuma, risasi nyingine inaingia mahali pake. Iwe imelipuka au haijalipuka, bunduki haijali. Kazi yake ni kutoa na kuingiza. Ilikuwa inabeba saba.

Delmar alikuwa ameibeba misimu kadhaa, na moyoni alishaiita yake. Ndiyo, alikuwa amejinunulia bunduki mpya, lakini alidhani atakuwa na zote mbili. Mzee Harlan akampita, akaiweka mikononi mwa Clair.

"Hii ni yako sasa," alisema. "Kaka yako anayo yake."

"Delmar, hukasiriki?" Clair aliuliza.

"Nikasirikie chuma kikuukuu?" Delmar alijibu. "Chukua, bwana. Angalia tu kisikuvunje bega."

Alisema hivyo huku anacheka, na macho yake hayakutoka kwenye kile kitako cha jozi.

Asubuhi Clair aliwekwa kwenye jiwe kubwa juu ya bonde dogo lenye miti ya mialoni, mahali ambapo kulungu hupita wakitoka kula. Delmar alikaa ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kumsikia mtu akipiga chafya. Kulipopambazuka sawasawa alisikia vyuma. Kla-klak. Kimya kidogo, halafu tena, kla-klak, kla-klak, haraka haraka, mpaka ikaisha. Hakusikia mlio hata mmoja. Halafu akasikia ndugu yake akipiga kelele za furaha.

Alipofika alimkuta Clair amesimama juu ya jiwe, macho yamemtoka.

"Nimemmaliza, kaka! Pembe zake hizi hapa, pana kama kiti! Nimemtia zote saba!"

"Zote saba nini?"

"Risasi, we! Hukusikia? Masikio yangu yanavuma mpaka sasa."

Delmar alitazama chini. Juu ya theluji, kando ya buti za Clair, zilikuwa zimelala risasi saba nzima, shaba yake inang'aa, haijaguswa na kitu. Kijana alikuwa amemwona dume, akili ikamruka, akasukuma na kurudisha, akasukuma na kurudisha, mpaka bunduki ikawa tupu, na kidole chake hakikugusa kifyatulio hata mara moja.

Jambo hili hutokea. Kila kambi yenye bunduki za namna ile ina kisa chake. Ndugu mwenye roho nzuri angeinama, akaziokota zile risasi akazitia mfukoni, akasema twende tukatafute damu, na wakiwa wawili tu njiani akamwambia polepole. Delmar aliinama akaziokota, hilo alifanya. Halafu akashuka nazo kambini mbele ya Clair, anacheka peke yake njia nzima.

Jioni kambi iliungua kwa kicheko. Binamu yao Dorsey, mpishi wa kambi na bingwa wa utani, alishika mkasi wa kukatia kuku akasema, "Haya, bwana mdogo, geuka nikukate mkia." Clair mwenyewe alikuwa anacheka, anageuka, anamtolea mgongo. Hakuwa mtu wa kununa.

"Ngoja, Dorsey," alisema Delmar. "Risasi moja ikikosa, kipande kimoja. Si ndiyo sheria?"

"Ndiyo."

"Hizi ni saba. Hebu nipigieni hesabu. Shati lote halitoshi."

Wakacheka mpaka Mzee Harlan akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Clair akavua shati, akalitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Delmar akapanda kwenye benchi na nyundo. Kama angekomea hapo, mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini bunduki ilikuwa imeegemea mlangoni, kitako kinang'aa kwa mwanga wa taa, na haikuwa yake.

"Na si kuogopa tu," alisema, msumari mdomoni. "Woga tungemsamehe. Anaapa kwamba alifyatua! Tuna mwoga na mwongo ndani ya shati moja."

Clair aliacha kucheka.

"Nilizisikia, kaka."

"Ulisikia nini?"

"Zikilia. Nilizisikia zikilia."

"Sikilizeni huyu," Delmar alisema, akapigilia msumari wa mwisho.

Clair alirudi nyumbani amevaa fulana na koti. Idella akamwuliza shati liko wapi, Clair akasema limebaki kambini. Kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameondoka bondeni kwenda Ohio, kwenye kiwanda cha matairi, akaoa huko, akapata binti, akazeeka. Bunduki ya babu aliiacha nyuma ya mlango. Delmar akaichukua. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyemkataza.

Mama yao aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila Delmar aliporudi kutoka kuwinda, hakuuliza habari za dume. Aliuliza, "Shati la mwanangu umelileta?" Delmar alikuwa akijibu kwamba sheria ni sheria, mama. Idella anatikisa kichwa, anaendelea kumenya viazi.

Kila Krismasi ndugu wawili hawa walizungumza kwa simu, na mazungumzo yao ungeweza kuyaandika mara moja ukayatumia maisha yote.

"Shati langu lipo?" angeuliza Clair.

"Lipo. Njoo uangushe dume, tulichome."

"Lishushe, nitakuja."

"Sheria, Clair. Unaijua."

"Aliyelipigilia nani? Sheria?"

Hapo Delmar angekohoa, akauliza hali ya hewa ya Ohio. Na hali ya hewa ya Ohio ilikuwa daima nzuri, asante.

Nimemjua Delmar miaka mingi, nimekula keki zake na yeye kala zangu, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Wakati wa dhoruba alikuwa akisimamisha gari lake la theluji mbele ya nyumba za wajane na kuwasafishia njia bila kuombwa. Lakini alikuwa na jambo moja tu la kumwambia ndugu yake, nalo lilikuwa fupi, "Nilikukosea," na mdomo wake haukuweza kulitoa. Akajificha nyuma ya sheria ya kambi kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake. Kila mwaka alijiambia kwamba mwaka ujao Clair atakuja, ataangusha dume, shati litashuka lenyewe kwa heshima zote, na hakuna mtu atakayehitaji kusema neno.

Kisha Ijumaa moja, siku ya pili ya Sikukuu ya Shukrani, nyama ya bata mzinga bado iko mezani, simu ililia. Arlene, mkewe Delmar, aliipokea, akasikiliza, akampa mumewe.

"Baba mkubwa," ilisema sauti ya mwanamke. Alikuwa Noreen, binti wa Clair. "Ni baba. Mapafu. Daktari anasema tusisubiri sana. Kama unaweza kuja, njoo."

"Anaongea?"

"Anaongea, anatania wauguzi. Lakini njoo."

Delmar alikata simu akabaki amesimama. Arlene alikuwa tayari anatoa begi kabatini.

"Tuondoke leo," alisema. "Giza halijaingia."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Siwezi kwenda mikono mitupu, Arlene. Nataka nimpelekee shati lake."

Arlene alimtazama kwa furaha ya ghafla. Miaka yote alikuwa akilingoja neno hilo. "Vizuri. Basi tupitie kambini, ulichomoe, twende."

"Haliwezi kuchomolewa hivi hivi. Lazima dume aangushwe." Alikuwa ameanza kutembea chumbani, sauti imechangamka. "Sikiliza. Nitakaa kwenye jiwe lake, na bunduki yake. Nikimwangusha dume kutoka pale, kwa bunduki ile, damu yetu ni moja, atahesabiwa wake. Wade wa Dorsey hawezi kukataa. Jumatatu asubuhi naangusha, mchana niko njiani. Namwekea shati kitandani na pembe juu yake. Umeona?"

"Delmar. Ni misumari tu ile."

"Clair anaijua sheria. Ataniuliza nimelishushaje."

"Atakuuliza ulikuwa wapi," alisema Arlene, akakaa na begi tupu mapajani.

Wade, mtoto wa Dorsey, ndiye mkuu wa kambi siku hizi. Alikubali, maana nani atamkatalia mzee jambo kama hilo? Vijana wa siku hizi wana bunduki zenye darubini, wanavaa fulana za rangi ya machungwa zinazowaka kama moto, na wanamheshimu Delmar kama watu wanavyoheshimu saa ya ukutani ya babu. Walimsindikiza mpaka kwenye jiwe kabla hakujapambazuka, mmoja amemshika mkono kwenye barafu. Wakamwacha.

Alikaa. Baridi ilimpanda kutoka miguuni. Bunduki ya babu ilikuwa mapajani, nzito kuliko alivyoikumbuka, na akawa anaongea na Clair kichwani, anamsimulia tayari jinsi ilivyokuwa. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo baya zaidi alilokumbuka baadaye, kwamba asubuhi ile alikuwa na furaha.

Jua lilipogusa vilele vya mialoni, kulungu dume alitoka. Hakutoka kwa kishindo. Mahali palipokuwa na magogo na kivuli, ghafla palikuwa na mnyama. Shingo nene, pembe zimetanda, mvuke unamtoka puani. Aligeuza kichwa akatazama moja kwa moja kwenye jiwe. Delmar alikuwa ameangusha madume mengi maishani mwake, na moyo wake haukuwahi kugonga hivi. Aliinua bunduki. Alimwona vizuri juu ya mtutu, akafyatua, akasikia mlio ukienda bondeni na kurudi. Akakoki, akafyatua tena. Dume aliruka. Akafyatua tena na tena, bega likipigwa, masikio yakivuma, mpaka bunduki ikawa tupu na mkia mweupe ukapotelea kwenye msitu wa misonobari.

"Nimempata," alisema kwa sauti. "Clair, nimempata."

Aliteremka akatafuta damu. Alitafuta kwa utaratibu, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Aliziona nyayo, akaona mahali mnyama aliporukia, akafuata mpaka kwenye misonobari. Theluji ilikuwa safi. Hakukuwa na tone, wala unywele, wala gome la mti lililochubuliwa na risasi. Akarudi polepole kwenye jiwe kuokota maganda, maana maganda ya bunduki ile ni adimu na hujazwa upya.

Hayakuwa maganda. Zilikuwa risasi, nzima, zimetawanyika kama njugu zilizomwagika.

Delmar alikaa kwenye theluji. Akaishika moja, akaigeuza. Kitako chake kilikuwa laini, hakijagongwa. Akaishika nyingine. Na masikio yake, Mungu shahidi, yalikuwa bado yanavuma.

Nilizisikia, kaka. Nilizisikia zikilia.

Kijana hakuwa amedanganya. Alisema alichokisikia, na Delmar alimwita mwongo mbele ya baba yao na watu wote, msumari mdomoni. Alikuwa ameishi na hilo neno kama ukweli. Hata alipojuta kuhusu kicheko, hakujuta kuhusu neno, maana aliliona la haki. Sasa alikuwa mzee aliyeketi chini na ushahidi mkononi, na mtu pekee aliyehitaji kuusikia alikuwa kitandani Ohio. Alilia pale, kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu.

Angeweza kuzitia mfukoni akasema hakuona kitu. Nampa sifa hii: hakufanya hivyo. Alishuka kambini, akaingia na theluji yake yote, akazimwaga risasi mezani kati ya vikombe vya kahawa.

"Dume alikuja," alisema. "Mkubwa. Nikazitoa zote hivi. Na ningeapa nimefyatua. Mpaka sasa nazisikia."

Dorsey alikuwepo, mzee mwenzake, blanketi miguuni karibu na jiko. Vijana walikuwa wanne watano mezani. Walizitazama risasi, halafu wakatazama mikono yao.

"Nichekeni," alisema Delmar.

Hakuna aliyecheka.

"Dorsey, mkasi uko wapi? Nichekeni, jamani. Nimefanya kile kile."

"Ni umri, mzee," Wade alisema taratibu, akamvutia kiti. "Hutokea. Kaa upate kahawa."

"Si umri! Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa!"

Dorsey, bingwa wa utani, akavuta blanketi lake juu ya magoti. Mmoja wa vijana akanyanyuka kuongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Na Delmar akaelewa kwamba hapa hapakuwa na adhabu kwa ajili yake. Walikuwa wanamhurumia, na mtu anayehurumiwa hakatwi shati.

Akachukua nyundo ya kung'olea misumari iliyokuwa chini ya sinki, akapanda benchi. Wade aliinuka amsaidie, Delmar akamkataza kwa mkono. Msumari wa kwanza ulitoka kwa mvuto mmoja. Wa pili ulikuwa umelegea, akautoa kwa vidole. Kutu ilikuwa imeila yote. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Shati likamwangukia begani, jepesi, linanuka moshi na mafuta ya soseji ya miaka yote ile, na ukutani pakabaki umbo lake, mbao zisizoguswa na moshi, zenye mikono iliyotandazwa.

"Na sheria, Delmar?" Dorsey aliuliza, si kwa ubaya.

"Ilikuwa yangu mimi," alisema Delmar. "Niliitunga mimi, siku ile, juu ya benchi hili. Risasi moja kipande kimoja. Nani mwingine aliwahi kuisema?"

Dorsey aliwaza. "Hakuna," alisema.

Aliweka shati na bunduki kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akaendesha kwenda nyumbani kumchukua Arlene. Alikuwa anayasema maneno njiani, anayajaribu. Clair, nilikukosea. Clair, ulisema kweli. Yalikuwa yanatoka bila shida, alishangaa. Alipokata kona ya mwisho alimwona Arlene amesimama barazani, amevaa koti lake jeusi la kanisani, hana begi mkononi. Delmar alizima injini, lakini hakushuka.

Noreen aliwapokea mlangoni Ohio, mwanamke mpana mwenye macho ya Idella. Nyumba ilikuwa na majirani na sahani za vyakula. Aliwapeleka kwenye chumba cha nyuma, na hapo Delmar akampa shati. Hakujua kulitoa kwa maneno gani. Alilinyoosha tu kwa mikono miwili.

Noreen alilikunjua. "Kumbe lipo kweli," alisema. "Sisi tulidhani anatunga. Alikuwa anakisimulia kisa hiki kila Sikukuu ya Shukrani. Anachukua ufagio, anatuonyesha, kla-klak, kla-klak, watu wanavunjika mbavu. Halafu anakwenda jikoni kuosha vyombo peke yake, na mama anatukataza tusimfuate."

"Alicheka?" Delmar aliuliza. "Alikuwa anacheka?"

"Kuhusu bunduki, ndiyo, sana. Alisema kambi ilimcheka jioni moja, na angekuwa mahali pao, yeye pia angecheka." Akasita. "Kuna sehemu alikuwa haisemi. Mimi sijui ni ipi."

Delmar alijua ni ipi. Akasema aliyokuwa ameyajaribu njiani, yote, kwa mtoto wa mtu aliyepaswa kuyasikia. Akasema pia kwamba bunduki iko garini, ni ya Clair, tangu mwanzo ilikuwa yake. Noreen alimsikiliza mpaka mwisho, na akamshika mkono, maana alikuwa na malezi.

"Sisi hatuwindi, baba mkubwa," alisema. "Nitaifanyia nini?"

Delmar akalichukua shati, akaanza kulikunja.

"Jumapili alikuulizia," Noreen aliendelea. "Alikuulizia mchana kutwa. 'Kaka Del ameshaondoka nyumbani?' Tulimwambia uko njiani, tusimvunje moyo. Akatutazama, akasema, 'Huyo hayuko njiani. Kesho ni Jumatatu ya kulungu.' Akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi yake ndipo alipotutoka, jua linachomoza."

Arlene alitoka chumbani. Delmar alikaa kwenye kiti kando ya kitanda kilichokwisha tandikwa, shati mapajani. Lilikuwa shati la kijana mwembamba, pana kidogo, limeachiwa nafasi ya kunenepa. Kutoka bonde la Tannery mpaka mlango wa Clair ni mwendo wa asubuhi moja, lami njia nzima, na Ijumaa ile barabara ilikuwa kavu.